Injini Mpya, Moshi wa Zamani

Hongera. Injini imeshushwa, silinda zimechongwa, pistoni za ovasaizi na ringi mpya zimeingia, na ada ya watoto nayo imeingia humo humo. Sasa gari limewaka, na huko nyuma linafuka moshi kama chetezo cha harusini. Tulia.

Anza kwa kumuuliza fundi. Kabla hajainua kichwa kutoka kwenye boneti atakujibu: "Kawaida hiyo bosi, ringi hazijakaa." Ubaya wa jibu hili ni kwamba lina ukweli. Oili iliyopakwa kwenye silinda wakati wa kufunga lazima iungue, na iliyolala kwenye ekzosi tangu enzi za injini mbovu nayo ina zamu yake. Ringi huhitaji mamia ya kilomita ndipo zikae, tena kilomita za kazi: gari lipande mlima, likanyagwe, liachiwe. Kuliacha linaunguruma uani siku nzima ili "lijizoeze" hulainisha tu ukuta wa silinda mpaka ringi zikose pa kushika. Kwa hiyo mpe fundi muda. Yeye atauchukua na mwingine juu yake.

Muda ukipita na moshi bado upo, tazama rangi. Nenda na shahidi, maana bluu yako kwa fundi ni nyeupe.

Bluu ni oili inayoungua. Cha kujua ni inaungua saa ngapi. Ukiwasha asubuhi likatoa wingu moja kisha likanyamaza, valvu sili zimevujisha usiku kucha. Huenda ndizo zile za zamani, zilizofutwa vumbi zikarudishwa huku risiti ikisema mpya. Ukiteremka mlima wa Kitonga kwa gia, mguu umeuachia, halafu ukikanyaga likafuka, shuku sili hizo hizo pamoja na gaidi za valvu. Likifuka kila unapokanyaga, ni ringi.

Hapo omba kipimo cha kompresheni. Utaambiwa kimeazimwa na gereji ya jirani. Kisubiri. Pima silinda zote, kisha tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Namba ikipanda, upepo ulikuwa unapita kwenye ringi. Isipopanda, angalia valvu. Sasa muulize fundi, kwa adabu zote, ile alama ndogo kwenye ringi aliielekeza juu au chini. Kama midomo ya ringi zote aliipanga mstari mmoja usimuulize. Hilo ni tusi, na funguo za gari bado anazo yeye.

Nyeupe ya asubuhi yenye baridi kule Makete ni mvuke tu, itapotea injini ikipata moto. Nyeupe ya saa saba mchana Kariakoo ni maji ya rejeta yameingia mahali pa moto. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta, washa, uangalie: mapovu yasiyokoma maana yake gasketi imepitisha, au hedi imepinda. Kupinda huko hupimwa kwa rula ya chuma na fila geji, kwa sehemu ndogo za milimita. Fundi wako aliifumbia jicho moja juani akasema iko poa.

Nyeusi haina mambo mengi. Mafuta yamezidi hewa: filta imeziba, nozeli inamwaga, au kuna sensa ambayo soketi yake inaning'inia.

Ukifika na majibu yote haya mkononi, fundi atatoa dawa: oili nzito, namba 40. Na kweli moshi utapungua, kwa muda. Ukirudi tena atakuvuta pembeni, ashushe sauti: "Bosi, kuna jamaa yangu Mbagala anatafuta gari kama hili hili. Ila mletee asubuhi, likiwa limeshapata moto."