Hongera Meneja, Kwaheri Ovataimu

Jamani, ukisikia mtu kapandishwa cheo usikimbilie kumpongeza. Muulize kwanza kama amekula.

Mimi nilikuwa karani wa stoo, huku Vingunguti, kwenye kampuni ya vigae ambayo siitaji kwa sababu bado naidai. Wakanipa barua. Muhuri, saini, kila kitu. "Meneja Msaidizi wa Stoo." Mke wangu, Mama Neema, kaipeleka kwenye laminesheni. Kikoba kizima wameishika kwa mikono yao. Soda zikanunuliwa, kwa mkopo.

Mwisho wa mwezi nacheki salio. Hela imepungua! Nikamfuata dada wa utumishi, nikamwambia mashine yenu imekosea. Akaniangalia kama mtoto aliyepotea Kariakoo. "Meneja halipwi ovataimu, mzee." Mzee! Juzi tu nilikuwa kaka.

Akafungua kitabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ya 2004. Kifungu cha 19: saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, zikizidi unalipwa mara moja na nusu. Na ovataimu yenyewe isizidi saa 50 kwa wiki nne. Nikaanza kuchekelea. Akarudisha ukurasa nyuma. Kifungu cha 17: hayo hayamhusu anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na anayeripoti moja kwa moja kwa wakubwa wa juu. Na ile asilimia 5 ya kazi ya usiku? Imeondoka nayo. Likizo je? Likizo ipo, siku 28, ila simu usizime. Hilo la simu sikuliona kwenye kitabu, lakini mimi nitabishana vipi na mtu anayejua kurasa?

Sasa hao ninaowasimamia. Ni mmoja. Dogo wa foklifti. Na hanisikilizi. Nikisema shusha, anapandisha. Saa kumi na moja jioni kavaa raba zake, "Meneja, kesho basi." Akibaki anajaza fomu ya ovataimu, na wa kuisaini ni mimi. Nasaini hela ya mwenzangu huku tumbo linanguruma. Nauli ya wiki iliyopita kanikopesha yeye. Na riba kaweka.

Binamu yangu yuko Texas. Anasema Marekani mambo hayo wanayo tangu sheria yao ya 1938, ila huko ili wakunyime ovataimu kwa umeneja, mshahara usipungue dola 684 kwa wiki, na usimamie watu wawili angalau. Nikapiga hesabu ya shilingi kwenye simu. Nikamuuliza kama kwao hawatumii vigae.

Tatizo bosi kashagundua kwamba mimi sina saa ya kutoka. Saa tano usiku, niko ndani ya chandarua, wasapu inalia. "Meneja, upo?" Ukimjibu umekwisha. Ripoti ya mzigo, "niikute nikiamka." Sasa mimi nitajuaje anaamka saa ngapi? Ikabidi nimpigie mlinzi wake. Jumamosi harusi ya shemeji, pilau mkono mmoja, simu mkono mwingine, nahesabu boksi za vigae kwa video, nikipaza sauti kuushinda muziki. Emsii akashika maiki: "Yule ndugu anayeuza vigae pale nyuma, tunaomba atupishe, maharusi wanaingia." Ukumbi mzima ukageuka. Na mnofu ulikuwa bado sijaugusa.

Nikasema basi, najilinda. Saa tatu usiku simu inabaki jikoni, akipiga Mama Neema apokee, aseme nimelala. Kumbe bosi ana adabu sana kwa wake za watu. Shikamoo mama, watoto hawajambo, hongera kwa kututunzia meneja. Siku hizi anampigia yeye moja kwa moja. Na Mama Neema ananiamsha kwa ndoo.

Nimesikia kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nataka niende nikaulize: mtu anayesimamia dogo mmoja, tena asiyemsikiliza, huyo ni meneja kweli? Lakini kwenda mpaka niombe ruhusa, na anayetoa ruhusa ni bosi. Kwa hiyo wewe msomaji, kama ni mwanasheria, au hata una jirani mwanasheria, naomba mnisaidie jibu. Chai nanunua mimi. Dogo keshakubali kunikopesha.