YAH: Shaba Iliyopata Madoa Ikiwa Chini ya Ulinzi Wenu

Kwa Mwenyekiti wa Bodi,
Kampuni ya Kukadiria Ubora wa Sarafu,
Ughaibuni.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pokea pongezi. Sarafu ya heller moja ya mwaka 1912, yenye herufi J ya kiwanda cha Hamburg, ilifika Tanga ndani ya kasha lenu la plastiki bila hata mkwaruzo. Ilifuliwa itumike huku kwetu enzi za Mjerumani, wakati heller 100 zilikuwa rupia moja, ila hii haikuwahi kuonja jasho la mpagazi wala magamba ya soko la samaki. Ndiyo maana mliipa alama 65 kati ya 70, na kwenye lebo mkaandika kuwa ni nyekundu. Kwa neno hilo moja nililipa bei ambayo mke wangu hajaambiwa mpaka leo.

Sasa chini ya taji la sarafu hiyo pana madoa meusi, na pembeni kuna ukijani unaojipenyeza kwenye tarehe. Nilipowauliza, ofisi yenu ilinijibu kwa upole kwamba dhamana haihusu rangi ya shaba, kwa kuwa shaba hubadilika kulingana na mazingira. Jibu zuri mno. Ningelipenda zaidi kama lingekuja kabla ya malipo.

Maana rangi hiyo msiyoidhamini ndiyo mnayoiuza kwa madaraja. Shaba iliyobakiwa na wekundu wake wa kiwandani karibu wote ni nyekundu. Iliyopoteza sehemu ni nyekundu-kahawia. Iliyoupoteza wote ni kahawia. Kutoka daraja moja hadi jingine bei hupanda ngazi, wakati sarafu ni ileile na taji ni lilelile.

Msidhani mteja wenu ni mjinga wa kemia. Oksijeni peke yake huikoza shaba polepole, ikaishia kahawia ya kupendeza, na hilo silalamikii. Salfa ya karatasi duni, mpira na moshi huitia weusi. Tone la mate lisiloonekana, la mtu aliyezungumza huku ameinamia sarafu, hulala kimya kwa miezi kisha likatokeza kama nukta nyeusi. Wapo pia wauzaji wanaotunza sarafu kwenye vifuko vya plastiki laini ya PVC, ambayo ikizeeka hutoa asidi na kuacha utando wa kijani unaonata. Mbaya kuliko yote ni chumvi: kloridi ikishaingia kwenye shaba penye unyevu, hutengeneza asidi inayoila shaba, na kazi hiyo ikaendelea yenyewe bila kuomba chumvi nyingine.

Tanga ina chumvi na unyevu wa kutosha, nakiri kwa niaba ya Bahari ya Hindi. Lakini sarafu iko ndani ya kasha mlilolifunga wenyewe. Ikiwa hewa yetu imeingia, basi kasha hilo ni fremu ya picha, si ulinzi. Ikiwa haikuingia, doa lilifungiwa humo pamoja na sarafu, na mate hayo si ya Mtanga. Chagueni mnachokipenda, mimi sina upendeleo.

Shangazi yangu, ambaye sinia zake za shaba hung'arishwa kwa ukwaju kila Idi ikikaribia, ameahidi kuimaliza kazi hii kabla maji ya chai hayajachemka. Imebidi nimfiche sarafu. Asidi ya ukwaju huondoka na doa pamoja na ngozi ya kwanza ya shaba, nanyi mngeniandikia lebo mpya ya kwamba imesafishwa, thamani ikaisha. Asetoni nayo huondoa mafuta na utando wa PVC, ila doa lililokwisha kuila shaba hulicheka tu.

Nawaelewa, lakini. Kipimo chenu cha alama 70 kinatokana na William Sheldon, aliyekitoa mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za kale za Marekani, nazo zilikuwa za shaba. Baada ya kifo chake ilibainika kwamba alikuwa amechukua sarafu nzuri za American Numismatic Society ya New York na kuweka dhaifu mahali pake. Taaluma yenye mwasisi wa namna hiyo haiwezi kushtushwa na heller moja ya Tanga.

Nawaonea wivu mafundi wa karakana ya reli ya Tabora, ambao mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana Wajerumani, walifua heller 20 kwa shaba na kwa shaba ya njano, kwa metali yoyote iliyopatikana. Hakuna askari aliyedai ya kwake iwe nyekundu.

Ombi langu ni dogo. Kwenye kila lebo ya shaba andikeni: “Ilikuwa nyekundu tulipoitazama,” kisha tarehe ya siku hiyo. Wino ni uleule, na hakuna atakayewadai kitu tena.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mteja, Tanga.

Nakala kwa: Wakusanyaji wote wa sarafu. Mkinunua shaba iliyoandikwa nyekundu, lipeni bei ya kahawia.