Lisifiwe Faili la Viza ya Ndoa

Katika lugha hii vimesifiwa vingi. Mnazi umesifiwa kwa kuwa hauna cha kutupwa, jahazi kwa kustahimili kusi, mama kwa uchungu wa uzazi, na hata kahawa chungu ya barazani haikukosa wa kuitungia beti. Faili la viza ya ndoa halijapata hata kibwagizo. Huo ni utovu wa shukrani, na leo nalilipa deni hilo kwa niaba ya kila mwenye mke Kisauni na kazi Minnesota, na kila mwenye mume Ohio na ugali wa mtu mmoja jikoni.

Nianze na nasaba, maana anayesifiwa huulizwa kwanza ni mtoto wa nani. Desemba 1945, vita vikuu vimekwisha, Marekani ilitunga sheria ya kuwaruhusu wake wa kigeni wa wanajeshi wake kuwafuata waume zao. Siku hizo bibi harusi alipandishwa meli pamoja na wenzake, akashuka, akapokewa. Mwaka 1986 ikaja sheria ya kupambana na ndoa za uongo, na hapo faili likabaleghe. Tangu wakati huo, mwenye ndoa isiyofika miaka miwili siku anapoingia hupewa ukaazi wa masharti wa miaka miwili, na katika siku 90 za mwisho wa muda huo wawili hao hurudi kuapa upya kwamba bado wanapendana. Tusisahau ukarimu wake: mume au mke wa raia wa Marekani hawekewi kikomo cha idadi kwa mwaka. Watu hawana foleni. Foleni ni ya karatasi.

Kwetu posa ilikuwa na mshenga. Alikuja mzee mmoja na kanzu yake safi, akazunguka kwa maneno, akanywa kahawa, na kabla ya magharibi ukoo mzima wa kijana ulikuwa umeshachambuliwa: nani mlevi, nani alikimbia deni, nani alimwacha mke na watoto. Faili ndilo mshenga wa zama hizi, na kwa upekuzi limemwacha mbali yule mzee. Yeye aliridhika na sifa za baba na babu. Faili lina fomu ya I-130 ya kuthibitisha kwamba mmeoana, I-130A ya kumweleza mke, I-864 ya kumdhamini, na DS-260 ya kuuliza upya yale yaliyokwisha kujibiwa, na juu yake anwani zote ulizowahi kuishi tangu ulipotimiza miaka 16.

Hapo ndipo ilipo sifa yake ya kwanza: linafundisha historia. Fikiria binti aliyelelewa na bibi yake Likoni, akasomea kwa shangazi Voi, akapanga chumba Mtwapa, kisha akaenda kufanya kazi za ndani Ghuba. Mtaa gani? Nyumba namba ngapi? Ile nyumba ya bati nyuma ya kinu cha kusaga haina namba, na kinu chenyewe kimeshavunjwa. Lakini kisanduku kinangoja, na kisanduku hakielekezwi kwa kidole. Tena lazima alete cheti cha tabia njema, si cha Kenya peke yake, bali cha kila nchi aliyokaa mwaka au zaidi. Kule Ghuba aliondoka usiku, mwajiri amemnyang'anya simu na mshahara wa miezi. Sasa awaandikie polisi wa huko, kwa adabu, wamsifie mwenendo wake. Ni mwalimu gani mwingine angemfundisha binti wa watu kusamehe kwa njia ya posta?

Sifa ya pili ni macho makali. Chukua picha ya ndoa, ile ya siku yenyewe. Msikiti umejaa, udi unafuka, kadhi amekaa katikati. Bwana harusi amevaa joho na kilemba, na amemshika mkono mzee mwenye ndevu nyeupe, wanatazamana machoni. Kila mtu wa Pwani anajua kilichopo hapo: mzee ni walii, baba wa bibi harusi, na maneno ya kuozesha yanapita kati ya mikono hiyo miwili. Bibi harusi yuko nyumbani na wanawake, hina haijakauka. Ofisa wa ng'ambo anaigeuza picha, anatazama nyuma, anaitazama tena mbele. Mke yuko wapi?

Si kwamba ofisa ni mjinga. Sheria ya Marekani haiitambui ndoa ambayo wawili hawakuwa pamoja wakati inafungwa, mpaka ithibitike kwamba baadaye walikutana kama mume na mke. Zamani shahidi wa jambo hilo alikuwa kungwi, na neno lake halikuhitaji muhuri. Sasa shahidi ni pasipoti iliyogongwa uwanja wa ndege, tiketi, na risiti ya hoteli yenye majina mawili. Waungwana tuliokuwa tukificha mambo ya chumbani hata kwa ndugu tumefunzwa kuyapanga kwa tarehe na kuyatia kwenye bahasha. Wale waliooana kwa simu, mmoja Mombasa na mwenzake Minneapolis, wanajua jinsi faili linavyowahimiza kukata tiketi. Nani aseme halina huruma?

Tatu, linajua thamani ya mapenzi kwa hesabu. Anayemdhamini mwenzake kuingia Marekani aonyeshe kipato cha angalau asilimia 125 ya mstari wa umaskini. Mwaka 2024, kwa kaya ya watu wawili, hiyo ilikuwa dola 25,550. Uingereza wanapenda kwa bei ya juu zaidi: kima kilikuwa pauni 18,600 kuanzia 2012, na Aprili 2024 kikapanda hadi 29,000. Kuna mtu alilala akiwa mume halali na kuamka hatoshi, ilhali mkewe ni yuleyule. Bado ada. Kwa bei za Aprili 2024, I-130 ni dola 625 kwa mtandao na 675 kwa karatasi, na hiyo ni hatua ya kwanza tu. Wanaolalamikia mahari waone haya. Mahari humwendea mzee aliyemlea binti na kupika pilau ya wageni. Ada humwendea mtu ambaye hakuchambua hata kitunguu.

Na hiyo I-864 ina uaminifu ambao viapo vyetu havina. Mdhamini anabaki na wajibu wa kumkimu mwenzake mpaka mwenzake awe raia, au atimize robo 40 za kazi, yaani kama miaka kumi, au ahame nchi moja kwa moja, au mmoja wao afe. Talaka haimo katika orodha. Ndoa inaweza kuvunjika Jumatatu mbele ya kadhi, mke akarudisha pete, mashangazi wakarushiana maneno, na fomu ikabaki palepale imemshika bwana mkono. Kama tunatafuta mapenzi ya kudumu, tumeyapata, ila yamo katika karatasi.

Nne, linaleta jamaa pamoja. Wasiojua hudhani kusubiri mwaka na zaidi ni mateso. Kumbe ndipo simu za mkwe zinapoanza.

"Mwanangu, viza bado?"

"Bado, mama. Wametaka ushahidi zaidi."

"Ushahidi wa nini tena? Mtoto si huyu hapa ananitafuna mtandio?"

"Wametaka na picha zenu, mama. Wewe na mimi pamoja."

Basi mama mkwe, ambaye kwa mila hakai mkeka mmoja na mkwewe wa kiume, anapigwa picha ubavuni kwake, amekunja uso, leso imefika nyusini. Rafiki wa utotoni anaandika barua ya kuthibitisha kwamba anawajua wawili hao. Mjomba anaapa mbele ya wakili kwamba Mwanaisha wa kitambulisho na Mwana Aisha wa cheti cha kuzaliwa ni mtu mmoja. Ukoo uliokuwa haujakutana tangu matanga ya babu sasa unakutana kwa wakili.

Mwisho kuna mahojiano. Wenye maombi yanayosikilizwa ndani ya Marekani, wakitiliwa shaka, hutenganishwa vyumba na kuulizwa maswali yaleyale: nani huamka kwanza, nani hulala upande wa ukuta, jana mlikula nini. Wanasheria huyaita mahojiano ya Stokes, kwa kesi iliyosikilizwa New York miaka ya 1970. Faida yake haina kifani. Waume wengi wamelala upande uleule wa kitanda miaka kumi bila kujua ni upande gani. Faili limewafumbua macho.

Adui zake husema lina kasoro moja: halioni kisichoandikwa. Mume aliyempa jirani msafiri dola mia mbili amfikishie mkewe mkononi hakupenda siku hiyo, maana hakuna risiti. Mke aliyekesha na simu sikioni mume akiumwa hakupenda pia, ila akiwa na orodha ya simu kutoka kwa kampuni. Lakini mjanja aliyelipwa aoe, akafungua akaunti ya pamoja, akapiga picha nyingi za ufukweni katika mashati tofauti, faili lake ni safi na limenyooka. Wengi wenye ndoa za kweli huonekana waongo kwa sababu walikuwa wakiishi, hawakuwa wakiweka kumbukumbu. Hiyo si kasoro ya faili, adui zake watajibiwa. Ni kasoro ya mapenzi, yaliyokuja duniani bila nakala.

Basi wewe unayechumbia ng'ambo, au uliyechumbiwa, lichukue faili kwa heshima yake. Andikisha ndoa: nchini Kenya sheria ya ndoa ya 2014 inataka kila ndoa iandikishwe, ya kadhi na ya kimila nazo zimo. Tuma fedha kwa njia inayoacha alama. Soma fomu mwenyewe kabla ya kumlipa dalali anayekuapia ana mtu wake ndani. Na ukiuziwa ndoa ya makaratasi, kimbia: adhabu yake ni hadi miaka mitano jela na faini hadi dola 250,000, na mgeni aliyenaswa hafunguliwi tena mlango kupitia mke wala mume mwingine. Ndoa ni ya Mungu na mashahidi wawili. Anayepanda ndege ni yule mwenye risiti.