Sifa za Kiluwiluwi

Simba ameimbwa, tai ameimbwa, hata punda ana wapenzi wake. Kiluwiluwi wa mbu, mpangaji wa pipa langu la maji hapa Mbale, hajapata mtu wa kumtetea. Leo kampata.

Sifa yake kuu ni ukweli. Ofisi ya maji hutuahidi kwamba huduma itarejea "hivi karibuni". Kiluwiluwi hana hivi karibuni. Ukifunua pipa ukawaona wamening'inia, vichwa chini, mikia juu wakivuta hewa, jua maji hayo hayakuingia jana. Mayai huanguliwa siku mbili hivi baada ya kutagwa. Kisha mdudu hujivua ngozi mara nne. Akishaivua ya nne, anajikunja, anaacha kula, anangoja mabawa. Kwa joto letu, tangu yai mpaka mbu ni kama wiki moja hadi mbili. Basi ratiba ya mgawo ya nini? Namchota kwa kikombe cheupe, namsogeza mwangani, namkadiria umri. Mwembamba kama uzi: bomba limekauka siku hizi hizi. Mnene: tunaingia wiki ya pili. Aliyejikunja: ita kijana wa jerikeni, na ukubali bei yake. Mkaguzi gani wa serikali anatoa taarifa kamili namna hiyo bila posho ya safari?

Zaidi ya hapo ni msafi, hula vijidudu tusivyoviona. Ana heshima pia: kivuli kikipita, anazama.

Jinja nako kiluwiluwi anafanya kazi, kwenye mapipa kama langu. Dada yangu anakaa huko, pale Nile inapotoka ziwani, penye bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954, ambalo sasa ni Nalubaale. Mto wote unapita karibu na jiko lake. Akifungua bomba, linakohoa, linatoa hewa, na mita inazunguka. Hewa hiyo analipia.

Nasi huku tunayatazama maporomoko ya Wanale tukiwa mjini kati. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, ikaua watu, ikavunja na mabomba. Kwa hilo simlaumu mtu wa bomba, mafuriko nayaelewa. Ambalo silielewi ni mto upo, bomba zima, ankara imeingia kwenye simu alfajiri, maji hakuna, na ukipiga kuuliza unaambiwa ubonyeze moja, kisha mbili, kisha muziki.

Juzi akaja bwana afya na daftari, mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC) nyuma yake. Akachungulia pipa.

"Mama, unafuga malaria."

Nikamtetea mteja wangu. Kiluwiluwi wa Anofelesi, yule wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Huyu ananing'inia, maana yake si wa malaria.

"Daftari halina sehemu ya kuning'inia," akasema. "Mwaga, sugua, funika."

"Nikimwaga nitachota wapi?"

Mwenyekiti akatazama paa. Bwana afya akaandika kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili, akanipa kalamu niweke sahihi. Pipa lilikuwa limemchafua viganja kwa utelezi wa kijani, akaomba maji ya kunawa.

Nikamwonyesha bomba.