Mhadhara Mkuu juu ya Malkia wa Uingereza na Kabaka Aliyebisha Hodi Bukumbi

Mwadila, mabibi na mabwana, wavuvi, wachuuzi wa dagaa, na wewe kijana unayetafuna muwa safu ya mbele! Tulieni. Leo mwalo wa Kirumba umepata bahati ambayo Oxford wanaililia: mimi mwenyewe, Bingwa wa Mabingwa wa Historia ya Kina Tudor kuanzia Igombe hadi Nyegezi, cheo nilichojitunuku baada ya kukosekana mwombaji mwingine.

Mary Tudor, binti wa Henry wa Nane, Mkatoliki, alitawala Uingereza kuanzia 1553 hadi 1558. Kwa miaka isiyotimia minne alichoma moto Waprotestanti karibu 280: mafundi, wakulima, wanawake, hata Cranmer, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Akafa. Akaingia mdogo wake, Elizabeth, Mprotestanti, mwerevu kumzidi dada yake; nami nasema hivyo kwa kuwa sisi werevu hutambuana. Elizabeth hakuwachoma Wakatoliki. Hata kidogo! Mwaka 1585 ilipitishwa sheria kwamba padri aliyepewa daraja ng'ambo akikanyaga Uingereza ni mhaini, na mhaini hunyongwa, hutumbuliwa, hukatwa vipande vinne. Unaona? Hakuna aliyeuawa kwa ajili ya dini. Leo wamelala kaburi moja pale Westminster, Elizabeth juu, Mary chini, na sanamu ni ya Elizabeth peke yake.

Mama lishe pale nyuma anauliza haya yanamhusu nini yeye na ugali wake. Swali la kitoto. Nitalijibu kwa unyenyekevu wangu unaojulikana kote.

Tazama ziwa, mama. Ng'ambo kule Buganda, mwaka 1884, Kabaka Mutesa alifariki, akatawazwa mwanawe Mwanga, kijana mbichi. Ikulu ilijaa watumishi vijana wanaosoma dini, wengine kwa Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, wengine kwa Mackay, wa misheni ya Kianglikana. Mwanga akang'amua kwamba vijana wake wana bwana mwingine. Mwaka 1885 damu ikaanza kumwagika. Askofu Hannington akauawa Busoga. Tarehe 3 Juni 1886, Namugongo, vijana wakaviringishwa kwenye mikeka ya matete, wakapangwa juu ya kuni.

Mmoja wao, Mbaga Tuzinde, alilelewa na Mukajanga, mkuu wa wachinjaji wa Kabaka. Mzee alimbembeleza akane, au basi ajifiche tu. Kijana akakataa. Ndipo Mukajanga akaamuru apigwe rungu la shingo kwanza, asije akaungua yu hai.

Hapo hata mimi huwa nanyamaza kidogo. Haya, nimeshanyamaza.

Sasa sikieni jambo ambalo kina Tudor wote hawakuliweza. Septemba 1888 Mwanga alipinduliwa. Akadandia mtumbwi, akavuka hadi Magu, ambako wafanyabiashara Waarabu walimkamua alichokuwa nacho. Akaishia wapi? Bukumbi, Misungwi yetu hii, kwa mapadri wenzake Mapera! Mchomaji kabisha hodi kwa waliochomewa watoto. Wakampa chakula na mahali pa kulala, wakaanza kumfundisha katekisimu. Mackay naye, aliyekuwa Usambiro, akapata barua ya kumsihi asahau yaliyopita. Mwaka uliofuata Wakristo walionusurika ndio waliompigania, naye akavushwa na mashua ya Stokes, mfanyabiashara Mwairishi, akarudi kitini.

Mkadhani wamejifunza? Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wakatwangana Mengo, Lugard, kapteni Mwingereza, akaamua ugomvi kwa bunduki yake ya Maxim. Wakatoliki wakashindwa, marudio ya kina Tudor, miaka mia tatu kwa kuchelewa, maana habari njema za Ulaya hutufikia polepole.

Na 1897 Mwanga akawaasi Waingereza, akashindwa, akakimbilia tena upande wetu. Wajerumani wakamzuilia Mwanza. Mji huu huu, mabwana! Kama Mary mwingine, malkia wa Uskoti, aliyekimbilia kwa Elizabeth mwaka 1568 akawekwa ndani miaka 19, kisha akakatwa kichwa. Mwanga yeye alikufa uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903, amebatizwa Danieli, tena Kianglikana. Mapadri wa Bukumbi na ugali wao wote ule!

Kabla ya maswali, ambayo sitayapokea, kila mmoja ataapa. Elizabeth aliwaapisha mapadri mwaka 1559 kwamba yeye ndiye Gavana Mkuu wa Kanisa. Mimi sina tamaa. Nitatosheka na Gavana Mkuu wa Historia. Mikono juu! Vizuri. Mama lishe, mbona wako uko chini? Umeshika mwiko? Huo ni uhaini mtupu. Vijana, mtoeni mwaloni, yeye na meza yake! Na mkaa... hapana, ngojeni. Ngojeni kwanza. Sato wangu bado yumo kwenye sufuria yake.