Sabuni, Pilipili na Chafya za Jirani

Sabuni ya kupulizia mimea humwua mdudu kwa kumgusa. Ikimlowesha kidukari, inzi mweupe au utitiri, huharibu ngozi yake laini, akapoteza maji na kufa. Ikishakauka kwenye jani haina kazi tena, na mdudu anayefika baada ya hapo hukuta meza imefutwa. Ndiyo maana dawa hupelekwa chini ya majani, wanakojificha wadudu. Mpulizaji huinama, huinua uso, na matone ya kwanza humrudia mwenyewe.

Inayofaa ni sabuni halisi iliyopikwa kwa mafuta, hasa ya maji iliyotengenezwa kwa potasi. Ya mche isiyo na manukato huweza kukunwa na kuyeyushwa. Sabuni ya unga ya kufulia ni jamii nyingine kabisa: imeundwa kutoa madoa kwenye shati, na nta inayolinda jani huihesabu kuwa doa. Kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na beseni, ndiyo inayochotwa kwanza, na mchicha hutakata sana kabla ya kuungua.

Mililita 10 hadi 20 za sabuni ya maji zatosha lita 1. Kuongeza ili povu lipande ni kuunguza majani tu. Maji ya visima vya pwani, yenye chokaa ya matumbawe, huigandisha sabuni. Ya mvua ni bora.

Katika viungo vingine vya dawa, mwarobaini ndio wenye sifa za kweli. Gramu 50 za kiini cha mbegu, zikitwangwa na kulazwa usiku kucha katika lita 1 ya maji, huwakatisha wadudu hamu ya kula na kuwazuia kujivua ngozi. Jua huiua nguvu hiyo, basi hupulizwa jioni. Pilipili nayo hufukuza wengi, wakiwemo majirani walio upande wa upepo. Itwangwe kwenye kinu kisichotumika kwa kisamvu. Tumbaku iachwe: nikotini yake ni sumu kwa anayeichanganya, na majani yake huweza kuiambukiza nyanya virusi.

Mchanganyiko hujaribiwa kwanza kwenye majani machache kwa siku moja au mbili. Kabla ya hapo huchujwa kwa kitambaa, maana kipande kimoja cha pilipili huziba nozeli, na nozeli iliyoziba husafishwa kwa maji na mswaki wa zamani, si kwa kupulizwa na mdomo.