Futa Ile Picha

Hakuna aliyenipiga kofi, lakini shavu langu bado linawaka. Walinihukumu wakiwa wamekaa, mbele ya bakwe, mbele ya kuku ambaye nilikuwa sijamgusa: kreti mbili za Fanta zilipwe kabla jua halijazama, na aparei yangu ya picha ibaki mezani hadi zifike. Nimelipa. Tangu Jumamosi hiyo siwezi kupita barabara kubwa ya Sange bila kijana wa pikipiki kupunguza mwendo ili anisalimie: "Fotografe, leo unahesabu feza za nani?"

Tulikuwa tumemsindikiza rafiki yangu kupeleka mahari. Huku kwetu kwenye uwanda wa Ruzizi mahari husemwa kwa ng'ombe. Wazee hubishana juu ya ng'ombe hao kwa nusu siku, yupi dume, yupi mtamba, yupi ana mimba, ingawa kila mtu chumbani anajua kwamba hakuna kwato itakayokanyaga ua ule. Ng'ombe wanakuja ndani ya bahasha. Msemaji wetu aliilaza mezani akasema wanyama wamechoka na safari, wapokelewe wakiwa wamelala. Watu wakacheka. Kisha baba mkubwa wa binti akaifungua, na kicheko kikakatika.

Huo ni wakati ambao mtu hakohoi. Watoto wameshatolewa nje. Mzee anachukua noti za dola moja moja, anaiinua kila moja kuelekea dirishani, anapitisha kidole kwenye kingo zake, kwa sababu Kongo dola iliyochanika milimita moja si dola tena. Wamarekani wenyewe wangeipokea. Mama mwenye duka hapa Sange ataisukuma ikurudie bila hata kukutazama. Jua la saa tisa lilikuwa linaingia kwa dirisha hilo. Likapenya karatasi, uso wa Benjamin Franklin ukawaka kijani, vidole vya mzee vikawa vyekundu pembezoni, na moshi wa jikoni ukapita katikati ukiwa hauna haraka. Nikainua aparei.

Klak.

Lazima niieleze klak hiyo, maana hukumu nzima imesimama juu yake. Aparei yangu ni ya aina ya zamani, yenye kioo ndani. Mwanga ukiingia kwa lenzi hauendi moja kwa moja kwenye kihisi kinachonasa picha. Unakuta kioo kimesimama njiani, kimeinama nyuzi 45, kinaurusha juu. Huko juu unapokelewa na kioo kingine kinene cha pande tano, kinaugeuzageuza hadi vitu vikae wima, kushoto kukiwa kushoto na kulia kukiwa kulia, ndipo unafika kwenye jicho langu. Kwa hiyo ninachokiona ni mwanga uleule uliogonga mzee ukarudi, si mchoro wa skrini. Uzuri ulioje! Lakini kioo hichohicho ndicho kizuizi. Ili picha ipigwe, lazima kiruke juu kiache njia, na kinaporuka, jicho langu linaachwa gizani. Nyuma yake kuna mapazia mawili. La kwanza linafunguka, la pili linalifuata likifunga, na kasi ikiwa kubwa, tuseme sehemu moja ya elfu ya sekunde, hakuna hata nukta moja ambapo dirisha lote liko wazi. Mapazia yanakimbizana yakiwa yameacha ufa mwembamba kati yao, na ufa huo unapita mbele ya kihisi ukiiandika dunia ukanda kwa ukanda. Kisha kioo kinaanguka mahali pake. Maana yake ni kwamba tangu nianze kupiga picha sijawahi kuuona wakati nilioupiga. Nimeuona uliotangulia, nimeuona uliofuata, na huo wenyewe umepita nikiwa kipofu. Nimewaeleza watu jambo hili matangani, juu ya pikipiki, na mara moja nilimweleza muuguzi aliyekuwa ananidunga sindano, na bado sijapata mtu wa kushangaa inavyostahili.

Wale wazee nao hawakutaka kusikia habari za mapazia.

"Nini ile imelia?" baba mkubwa akauliza.

"Ni picha, muzee."

"Picha ya nini?"

"Ya mikono yako, muzee. Mwanga ulikuwa muzuri."

"Na hii mikono ilikuwa inashika nini? Biblia?"

Upande wa binti ukasema picha ya dola ni barua ya mwaliko kwa wageni wa usiku, na katika uwanda huu, wenye vikundi vya bunduki vingi kuliko zahanati, sithubutu kuiita hofu hiyo ujinga. Upande wetu ukasema hesabu ya mahari ni siri ya koo mbili, si ya kadi. Shangazi mmoja aliuliza kwa upole nani amenituma. Wetu wakapiga kelele: "Futa!" Wao wakajibu: "Asifute. Aonyeshe kwanza."

Nikaonyesha. Alikuwepo mpwa wao, kambisti anayebadilisha fedha mpakani Kavimvira, kijana ambaye vidole vyake vinaijua dola kuliko vinavyomjua mke wake. Akaniomba niikuze. Nikaikuza. Akaniomba tena, nikaikuza tena, na nani asingeikuza? Ilikuwa kali kuanzia mstari wa kucha hadi tarakimu za noti. Sijawahi kupiga picha nzuri kuliko ile, na sidhani nitapiga.

"Simama apo," kambisti akasema.

Kwenye kona ya noti iliyokuwa nyuma, mahali ambapo kidole cha mzee kilikuwa hakijafika, palikuwa na mchaniko. Mdogo. Mnyofu. Wa kuonekana na kila mtu.

Baba mdogo wa bwana harusi aligeuka akanitazama. Nimewahi kutazamwa na askari mwenye bunduki na usingizi, nachagua askari. Noti ikarudishwa upande wetu kwa ncha za vidole. Upande wa binti ukatangaza kwamba ng'ombe mmoja amefika akiwa kilema, na kwa desturi kilema hufidiwa ndama, desturi ambayo nina hakika ilizaliwa pale pale mezani. Pikipiki ikatumwa Uvira kutafuta noti nyingine. Kuku wakapoa. Ndipo watu wangu mwenyewe, niliokuja nao kwenye gari moja, waliponihukumu kwa kosa la kuchungulia ndani ya bahasha ya ukoo. Nilisema lenzi haina ukoo. Kreti ilikuwa moja. Kwa sentensi hiyo wakaongeza ya pili.

Na wakati wote huo mabinti wa nyumba ile walikuwa wamejaa mlangoni wakirekodi hukumu yangu kwa simu. Hakuna aliyewaambia wafute. Video ilifika Bujumbura kabla Fanta hazijafika mezani.

Hapo ndipo ninapoishiwa ucheshi. Simu inapiga kila kitu: harusi, maiti, wezi waliokamatwa, mtoto anayeoga, na haiulizwi kitu. Ukivaa mkanda shingoni wenye aparei, umekuwa jasusi, mzinzi au mfanyabiashara. Sokoni, mama muuza ndagala alinimwagia maji aliyooshea samaki. Darajani askari alinieleza kwamba daraja ni siri ya serikali, tukiwa juu ya siri hiyo pamoja na mbuzi wa jirani yake. Kanisani niliombewa. Mume mmoja alikuja kwangu usiku kuuliza kwa nini mke wake anaonekana mwenye furaha.

Sikukata tamaa, kwa sababu nilikuwa nimesoma habari za Kiripi Katembo. Huyu alizaliwa Goma mwaka 1979, akawa mpiga picha Kinshasa, na huko alikuta watu hawataki kupigwa picha kama vile huku hawataki. Akaacha kuwaelekezea lenzi. Akaielekeza kwenye madimbwi. Mvua ikinyesha Kinshasa maji hujaa barabarani, na ndani ya maji hayo mna watu, nyumba, teksi na anga. Katembo alipiga kivuli chao majini, kisha akaipindua picha juu chini, watu wakasimama wima katika mji wa ajabu ambamo mawe na takataka zinaelea mawinguni. Picha hizo zilifika Paris. Malaria ilimuua mwaka 2015, akiwa na miaka 36, na nikiwaza kwamba mtu aliyelifanya dimbwi liwe jicho aliuawa na kitu kinachozaliwa kwenye maji yaliyotuama, nakosa la kusema.

Nami nikayatafuta madimbwi ya Sange. Kiangazi hapa ni vumbi, hata mbwa ana rangi ya barabara. Masika yalipofika nilipata dimbwi zuri kando ya njia kubwa, nikachuchumaa, nikasubiri mtu apite ndani yake. Kilichopita ni lori la mizigo. Nilipomaliza kufuta lenzi, wanawake wawili walikuwa wananiangalia kwa huruma. "Masikini," mmoja akasema, "sasa anapiga picha ya matope."

Lakini nikitaka kuwa wa haki, na sitaki sana, najua neno "futa" linatoka wapi. Kila mtu hapa atakuambia: "Munapeleka picha zetu Ulaya, munauzisha." Nilikuwa nacheka. Sicheki tena. Mei 1904, Kongo ikiwa bado mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kule Baringa mwanamume aitwaye Nsala alifika kwa mmisionari Alice Seeley Harris akiwa amebeba mkono na mguu wa binti yake aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Alice akampiga picha akiwa amekaa, anavitazama. Picha hiyo ilizungushwa Uingereza kwenye mikutano, ikioneshwa ukutani kwa taa, na ilisaidia kumng'oa Leopold katika mali yake. Ilitusaidia, sikatai. Ila ilifundisha dunia jinsi ya kututazama, na dunia haijasahau somo.

Tarehe 2 Julai 2010, jioni, lori la mafuta lilipinduka hapa Sange, kwenye barabara hiyohiyo ninayotaniwa na vijana wa pikipiki. Watu walikwenda na vidumu na sahani kuchota petroli iliyokuwa inamwagika. Wengine walikuwa vibandani wakitazama Kombe la Dunia. Moto ulipowaka ulipita nyumba kwa nyumba, na waliokufa ni zaidi ya 230. Kesho yake wakazikwa kwenye makaburi ya pamoja. Kesho yake pia walifika wenye aparei kubwa, kutoka mbali, na wakapiga. Walipiga waliofunikwa na wasiofunikwa. Sikusikia kwamba kuna mzee aliyesema futa. Na angemwambia nani, kwa lugha gani? Ukiitafuta Sange leo, kinachokuja ni moto ule. Hauji mpunga, hauji mnada wa ng'ombe, wala binti anayecheka akiwa na kitambaa kipya. Mtu aliyezaliwa hapa hana ruhusa ya kupiga kidole kinachoshika noti, na mgeni alipewa maiti zetu zote bure. Ningependa mtu anieleze hesabu hiyo, kwa kuwa mimi ndiye ninayelipa Fanta.

Turudi kwenye kufuta, maana nako watu hawakuelewi. Ukibonyeza kitufe cha kufuta, aparei haifuti. Ndani ya kadi kuna orodha inayosema picha fulani imelala mahali fulani. Kufuta ni kuiambia orodha kwamba mahali pale pako huru. Picha yenyewe inaendelea kulala palepale, nzima, hadi picha nyingine iandikwe juu yake. Mimi kadi ninayoamriwa kuifuta huwa naichomoa siku hiyohiyo na kuiweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Wenye amri huondoka wameridhika.

Mwaka juzi mzee mmoja mfugaji alinikataza kando ya malisho. Alisema picha huhesabu, na ng'ombe wakihesabiwa hawakai. Nikawa nimeshapiga. Nikafuta mbele yake, akaniombea maisha marefu.

Wiki iliyopita wanawe wawili walikuja kwangu wakiwa wamenyoa. Baba amefariki, na hawana picha ya kuweka msalabani. Walikuwa na kadi yake ya kura tu, na wino ulikuwa umefifia, kama kadi za Wakongo wengi zilivyofifia kabla ya uchaguzi wa Desemba 2023. Palipokuwa uso palibaki ukungu wenye masikio. Walikuwa wamesikia kwamba siku moja nilimsumbua mzee.

Nikaleta kopo. Programu ya kufufua mafaili ilisaga kadi hadi betri ya kompyuta ikakaribia kuzima, kisha akatokea: mzee mzima, kofia yake, fimbo yake, mdomo wazi katikati ya neno, na kiganja amekiinua kuelekea kwangu, kimeziba kidevu. Nyuma yake ng'ombe wametapakaa hadi mtoni.

"Ni yeye kabisa," mdogo akasema, na machozi yakamtoka huku anacheka. Akauliza kama naweza kuuondoa mkono. Nikamweleza kwamba nyuma ya mkono hakuna kidevu, mwanga wa kidevu haukuwahi kufika kwenye lenzi, na nilikuwa karibu kuingia kwenye habari za mapazia mawili nilipoona kwamba kaka yake hanisikilizi. Alikuwa ameinamia skrini, kidole kinatembea juu ya malisho, midomo inasogea bila sauti. Alipofika ukingoni akarudi mwanzo, kisha kidole kikasimama.

"Huyu wa paji jeupe," akasema, akimgeukia mdogo wake, "si uliniambia alikufa wakati wa ukame?" Akanitazama mimi. "Fotografe, hii ni ya mwezi gani?"